Ukienda kununua nyumba, fuata maji

Watu wengi wananitafuta wakishalipa. Yaani mtu kashasaini, funguo anazo, makochi yameshaingia sebuleni, halafu inanyesha mvua ya kwanza kubwa anaona doa linatambaa ukutani ndo anapiga simu. Na naumia kweli, kwa sababu kitu ambacho kingejulikana kwa saa tatu tu za ukaguzi sasa hivi ni mzigo wake peke yake, muuzaji hapokei simu na dalali ndo kabisa hayupo.

Kazi yangu ni kukagua nyumba kabla hazijanunuliwa. Naingia darini, naangalia bati, nafungua chemba za maji taka, nagonga lipu kwa vidole nisikilize, kisha naandika ripoti yenye picha. Wengine wananiambia "lakini benki imeshatuma mtu wake", sawa, ila yule ni mthamini, anaangalia nyumba ina thamani gani ili mkopo uwe na dhamana, hajaenda pale kukutafutia bomba linalovuja nyuma ya kabati. Mwanasheria naye anaangalia hati, mpima anaangalia mipaka. Wote hao unawahitaji, ila hakuna hata mmoja atakayepanda ngazi aangalie kenchi zako, yaani zile mbao zinazobeba bati, zikoje.

Sasa kama una dakika chache tu za kunisikiliza ntakwambia kitu kimoja, fuata maji. Nyumba nyingi nilizokuta zimeharibika, ukirudi nyuma kutafuta chanzo unakuta maji: yameingia pasipotakiwa au yameshindwa kutoka. Mbao zinaoza, mchwa wanapenda mbao zenye unyevu, nondo ndani ya zege zinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Ukiona slabu au nguzo inamwaga vipande na nondo nyekundu zinaonekana usikubali kuambiwa ni ya kupiga lipu tu, pale kilichooza kiko ndani.

Anza na kuta za chini. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na mara nyingi hayavuki mita 1 hivi kutoka chini. Kwa hiyo ukiona rangi inavimba na kuchubuka, kuna unga mweupe wa chumvi, na mstari wa doa unakwenda karibu usawa kwa urefu wote wa ukuta, hilo linatoka chini. Doa likiwa juu, au la duara kwenye dari, tafuta paa au bomba. Huu mtengano ni muhimu sana sababu dawa zake ni tofauti kabisa, nshaona mtu kapaka rangi ya kuzuia unyevu mara tatu wakati tatizo ni udongo wa nje umerundikwa mpaka umepita ile dpc, yaani lile tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, ambalo linatakiwa likae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Alichotakiwa ni jembe autoe ule udongo. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu nayo ulizia. Sisemi kila muuzaji anaficha, wengine wanapaka tu nyumba ipendeze, ila kama vyumba vyote vimechakaa na ukuta mmoja unang'aa mi lazima niuweke kipimo cha unyevu.

Darini ingia mchana, uzime tochi kwanza ukae kimya kidogo. Mwanga ukipenya kama nyota, maji nayo yanapenya hapohapo. Ukishawasha tochi angalia mbao kuzunguka misumari, kama zina alama nyeusi paa lilishavuja, hata kama siku hiyo ni kavu. Na nenda hiyo nyumba siku ya mvua au kesho yake kama unaweza, maana siku ya jua kali kila nyumba ni nzuri, mvua ndo inakuonyesha gata inamwagia wapi, uwani maji yanakimbilia wapi, na kama yanakimbilia kwenye msingi ushajua. Paa likiwa la zamani la asbesto usilitoboe wala kulisugua wala usiruhusu fundi alikate ili "tuone ndani", vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta magonjwa yanayojitokeza baada ya miaka mingi sana, hiyo inahitaji watu wenye vifaa vyake.

Nyufa ndo zinawatisha watu kuliko kitu chochote na saa ingine bila sababu. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni lipu imesinyaa ilipokuwa inakauka, basi. Unaonikosesha raha mimi ni ule unaoanzia kona ya dirisha au mlango ukashuka kwa mshazari, au unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, halafu upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, halafu ukienda nje unaukuta palepale. Ukifika milimita 5 na kuendelea mi nasimama, namwambia mteja hapa tuite mhandisi wa majengo kabla hujatoa hata senti, maana msingi unaweza kuwa unazama upande mmoja. Angalia na milango pia, ikikwama juu kona moja na sakafu ukiiwekea pima maji inaonyesha imelala kuelekea upande uleule, hizo ni dalili zinazosemezana.

Mabomba yana jaribio rahisi ambalo hata we mwenyewe unaliweza. Funga koki zote za nyumba, piga picha mita ya maji, subiri nusu saa, angalia tena. Namba ikisogea kuna mahali panavuja. Choo kinachovuja kimyakimya utakijua kwa kutia rangi ya chakula kwenye tangi lake usifulashi, rangi ikishuka bakulini ujue valvu imechoka. Na chemba zifunguliwe, mmoja afulashi ndani mwingine asimame nje aone maji yanavyopita, yakija polepole au yakisimama hiyo njia imeziba au mteremko ni mbovu.

Umeme sigusi zaidi ya pale ninapopaswa. Naangalia boksi la breka kama lina alama za kuungua, kama ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ipo kweli na imeungwa, na ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ambayo kwa nyumba za kuishi kawaida inakuwa ya miliampea 30, nabonyeza kitufe chake cha majaribio. Isipokata naandika kwa herufi kubwa, maana hicho ndo kifaa kinachomuokoa mtoto aliyeshika waya.

Halafu msinidanganye kwamba nyumba mpya haihitaji ukaguzi. Nyumba mpya hakuna mtu aliyeoga mle mwezi mzima, hakuna mvua iliyoijaribu, ile ya zamani angalau makosa yake yameshajitokeza.

Mkaguzi mtafute mwenyewe. Usichukue aliyeletwa na dalali wala muuzaji, na mi nakwepa pia yule anayekagua halafu anasema matengenezo nitafanya mimi, hapo hutajua kaona tatizo au kaona kazi. Omba akuonyeshe ripoti moja aliyowahi kuandika, na siku ya ukaguzi uwepo, mfuate chumba kwa chumba, maana kuna vitu kwenye karatasi vinaonekana vikubwa lakini ukioneshwa kwa mkono unakuta ni vya kawaida. Na akubali kukwambia asichoweza kuona. Mimi sioni bomba lililofukiwa kwenye zege wala siwezi kubandua vigae vya mtu, na hilo naliandika kwenye ripoti.

Kingine, kabla hujatoa advansi mwambie mwanasheria aweke kipengele kwamba ukaguzi ukikuta kasoro kubwa hela inarudi. Ukishakuwa nacho ripoti inakuwa na nguvu mkononi, unaweza kuomba bei ishuke, au muuzaji atengeneze, au ukaondoka zako. Akisema atatengeneza, urudi ukaangalie kabla ya malipo ya mwisho, uingie tena mle darini, ufungue tena zile chemba, na ile mita ya maji uipige picha upya.