Je, wajua kwa nini watoto wa konokono wa lagoni hawaogelei?

Konokono wengi wa baharini huanza maisha wakiwa viluwiluwi wadogo sana, wanaochukuliwa na mikondo kwa siku au majuma kadhaa kabla ya kutua chini na kuanza kutambaa. Ecrobia ventrosa, konokono wa milimita nne hivi anayepatikana katika lagoni za Ulaya kuanzia Baltiki hadi Mediterania, hana hatua hiyo hata kidogo. Mtoto wake hutoka katika yai akiwa konokono kamili, naye hutambaa pale pale alipoanguliwa.

Sababu imo katika maji yenyewe. Lagoni ni maji ya pwani yaliyotengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga au changarawe. Humo maji hujaa na kupwa kidogo tu, au hayajai wala kupwa kabisa, na chumvi yake hupungua mvua inaponyesha na huzidi wakati wa ukame. Kiluwiluwi akichukuliwa na mkondo hadi nje ya ukingo huo, hukuta bahari yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita na mawimbi asiyoyamudu, na uwezekano wa kuirudia lagoni yake, au kuipata nyingine, ni mdogo mno. Kwa hiyo mama aliyetaga mayai mengi ya viluwiluwi waogeleaji angepoteza karibu wote, lakini yule aliyetaga machache yenye chakula cha kutosha ndani yake angewaona watoto wake wakikua.

Tofauti hii huonekana wazi tukimtazama jamaa yake wa karibu, Peringia ulvae, anayeishi katika matope ya mwambao yanayofunikwa na kufunuliwa na maji kila siku, ambako huweza kufikia makumi ya maelfu katika mita moja ya mraba. Kwa kuwa tope halina mahali pagumu pa kubandika mayai, majike wake huyabandika juu ya magamba ya wenzao walio hai. Ukimwokota mmoja katika majira ya joto na kumweka chini ya hadubini, waweza kukuta mgongoni mwake vifuko vya mviringo vilivyofunikwa kwa chembe za mchanga, kila kimoja kikiwa na mayai kadhaa. Viluwiluwi wake huweza kuelea hadi majuma manne. Kifuko cha Ecrobia ventrosa, kwa upande mwingine, kwa kawaida huwa na yai moja tu, tena kubwa zaidi.

Chakula chao ni kimoja: bakteria na mwani mdogo uliogandamana na chembe za mchanga na tope. Hapo ndipo swali la ushindani linapoingia, na mahali palipolifanya liwe mashuhuri ni Limfjord, mkono wa bahari ulioko kaskazini mwa Denmark. Mwezi Februari 1825 dhoruba ilivunja ukingo wa mchanga wa Agger, maji ya Bahari ya Kaskazini yakaingia, na sehemu ya magharibi ambayo maji yake hayakuwa na chumvi nyingi ikawa ya chumvi. Mwaka 1975 mwanaikolojia Tom Fenchel alieleza kwamba humo konokono hawa wawili, kila mmoja akiishi peke yake, hulingana kwa ukubwa, lakini wakiishi pamoja Peringia huwa mkubwa zaidi na Ecrobia huwa mdogo zaidi, hivyo wakala chembe za ukubwa tofauti. Kama maelezo yake ni sahihi, mabadiliko hayo yalitokea kwa miaka 150 tu. Watafiti waliofuata wameyapinga, wakisema kwamba tofauti za mazingira kati ya sehemu na sehemu zinaweza kuleta matokeo yale yale. Naona hoja yao ina uzito, ingawa haiondoi thamani ya vipimo vya Fenchel.

Pamoja na ushindani kuna maradhi. Minyoo ya jamii moja na ile ya kichocho huingia ndani ya konokono hawa na kuharibu viungo vyao vya uzazi, hivi kwamba aliyeambukizwa huendelea kula na kuishi bila kuzaa. Ndege anayemla ndiye mwenyeji wa mwisho wa minyoo hiyo, yaani yule ambaye ndani yake hukomaa.

Ndege huyo huyo huenda ndiye chombo cha safari. Huko Uholanzi, Gerhard Cadée alikuta Peringia walio hai katika kinyesi cha bata wa mwambao, baadhi yao wakiwa na magamba yaliyovunjika ambayo baadaye waliyatengeneza upya. Kwa konokono wa lagoni asiye na viluwiluwi, kusafirishwa na ndege, tumboni au katika tope lililoshika miguuni mwake, ni miongoni mwa njia chache za kufikia maji mapya. Ndiyo maana lagoni ikifukiwa au ikikauka, konokono wake hawarudishwi na mkondo wa bahari hata maji yake yakirejea.