Mbwa Akizaa, Chunga Harufu Kuliko Rangi

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: mbwa alizaa salama, siku ya tatu akasusia chakula, ya tano akafa. Mwenyewe anaapa kwamba jirani kamlisha sumu. Mara nyingi hakuna sumu wala jirani; ni kizazi kilichoshikwa na maambukizi.

Majimaji ya kijani wakati wa kuzaa hutoka kwenye kondo la nyuma, si nyongo, na tumelisema hili hadi tumechoka. Baadaye hugeuka wekundu wa hudhurungi na kupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Lakini yakinuka kama nyama iliyooza, joto likapita nyuzi 39.5, na mama akawaacha watoto wakilia, mlete siku hiyo hiyo. Kuhesabu makondo ili kujua kama kuna lililobaki ndani husaidia kidogo tu, maana mama huyala.

Juzi aliletwa jike kutoka Kasarani kwenye buti la Probox, kalazwa juu ya gunia. Ufizi ulikuwa mwekundu kama tofali, manyoya ya mkia yameshikana kwa usaha. Alikuwa amedungwa mara tatu sindano ya kuongeza uchungu wa kuzaa, ilhali mtoto mmoja amekwama njiani. Sindano hiyo hukaza kizazi. Njia ikiwa imeziba, kizazi chaweza kupasuka. Chake kilikuwa kimepasuka. Tulikitoa, akapona.

Aliyemdunga ni “daktari” wa mtaani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inakataza mtu asiyesajiliwa kutoa huduma hiyo; ni kosa la kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo, kabla daktari hajafungua mkoba, mwombe cheti cha usajili cha Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kisha leseni ya mwaka huu (ya mwaka jana haitoshi), linganisha jina na kitambulisho, na udai risiti yenye jina la dawa na kipimo chake. Bila karatasi hizo, malalamiko yako ni vigumu kuyafuatilia.

Kizazi kikitokeza nje, usikirudishe kwa mkono. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitalini (saline), mzuie asikilambe, uanze safari. Watoto nao waje, kwenye katoni yenye chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo. Wengi hutuletea mama peke yake, nasi huwarudisha nyumbani kuwafuata watoto.