Robin Williams hakuuawa na "huzuni ya mchekeshaji"
Mchekeshaji wa Marekani Robin Williams alipojitoa uhai Agosti 2014, akiwa na miaka 63, watu walikimbilia maelezo yaleyale: usoni kicheko, moyoni kilio. Kweli, aliwahi kuzama kwenye kokeini na pombe, wala hakuficha. Lakini uchunguzi wa maiti haukukuta pombe wala dawa haramu. Ulikuta ugonjwa wa ubongo uitwao dimenshia ya Lewy, unaovuruga kumbukumbu, usingizi na hisia. Miezi kadhaa kabla, huko Vancouver, Kanada, kwenye kurekodi filamu, bingwa huyu wa kubuni utani papo hapo (ndicho kilichompa jina!) alishindwa kushika hata mstari mmoja. Mei madaktari walimwambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko wa mwili. Jina la Lewy lilijulikana baada ya kifo chake.