Blackhawks wa 2010–11: mabingwa waliobanwa na ukomo wa mishahara

Bingwa akiyumba msimu unaofuata, utasikia maneno yaleyale: wameshiba, hawana njaa tena. Mimi nachambua hoki ya barafuni, na kwa Chicago Blackhawks wa 2010–11 maneno hayo siyakubali hata kidogo. Kikosi kile kilivunjwa kwa kalamu kabla msimu haujaanza.

Juni 9, 2010, Patrick Kane alifunga katika muda wa nyongeza kule Philadelphia, ukame wa miaka 49 bila Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, ukaisha. Lakini ligi hiyo ina ukomo wa mishahara. Klabu iwe tajiri vipi, haivuki kiasi kilichopangwa, na msimu uliofuata kiasi hicho kilikuwa dola milioni 59.4. Kwenye soka tumezoea kuona bingwa mwenye fedha akisajili zaidi. Kule ubingwa wenyewe unapandisha gharama. Kane na nahodha Jonathan Toews walikuwa wametoka kwenye mikataba ya chipukizi, na mikataba yao mipya ilikuwa ya wastani wa dola milioni 6.3 kwa mwaka kila mmoja. Juu ya hapo, bonasi za msimu wa ubingwa zilizidi ukomo, na zaidi ya dola milioni 4 zikakatwa kwenye bajeti ya msimu mpya.

Dustin Byfuglien na Andrew Ladd wakapelekwa Atlanta, Kris Versteeg akaenda Toronto. Kisha San Jose Sharks, waliotolewa na Chicago kwa mechi 4–0 kwenye fainali ya kanda ya Magharibi, wakamwekea mezani beki Niklas Hjalmarsson dola milioni 14 kwa miaka 4. Ili asiondoke, Chicago ikabidi walipe kiasi hichohicho. Aliyeumia ni kipa wa ubingwa, Antti Niemi: msuluhishi wa mishahara alipomkadiria dola milioni 2.75 kwa mwaka, klabu ikamwacha. Akasaini San Jose.

Mtu atauliza: nyota si walibaki? Walibaki, ila hoki huchezwa kwa zamu fupi. Mshambuliaji hukaa barafuni chini ya dakika moja, anatoka akihema, na watatu wengine wanaruka ukuta kuingia. Timu ina safu 4 za namna hiyo. Ya tatu ikilegea, mpinzani anapumua kila nyota wakienda benchi. Ladd na Versteeg walikuwa wa safu hiyo, pamoja na Dave Bolland.

Walimaliza na pointi 97, nafasi ya 8 kwenye kanda yao, ya mwisho kufuzu mtoano, na hata hiyo waliipata kwa sababu Dallas walifungwa siku ya mwisho. Wakakutana na Vancouver, vinara wa ligi nzima, katika mfululizo ambao anayetangulia kushinda mechi 4 ndiye anayesonga, wakapoteza 3 za kwanza. Bolland, aliyekuwa nje kwa mtikisiko wa ubongo, akarudi mechi ya 4: wakashinda 7–2, halafu 5–0, halafu 4–3. Mchezaji mmoja tu wa safu ya tatu!

Mechi ya 7 naitazama hadi leo. Zimebaki chini ya dakika 2, Chicago wako nyuma 1–0 na wana mchezaji pungufu kwa adhabu. Toews anaangushwa, lakini paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa, inarudi kutoka kwa kipa, naye anaisukuma wavuni akiwa chini. Walioshiba hawafungi bao kama lile. Alexandre Burrows akawamaliza kwenye muda wa nyongeza.

Mwaka 2013 walilichukua tena kombe, bao la ushindi likifungwa na Bolland huyohuyo kule Boston. Siku 6 baadaye wakampeleka Toronto. Ukomo wa mishahara ulikuwa umewabana tena.