Kuzuia Upotevu wa Mafuta Wakati wa Kuhudumia Breki za Ndege Ndogo

Breki za ndege ndogo nyingi hazina pampu ya injini wala tangi kubwa la mafuta ya breki. Rubani anapokanyaga sehemu ya juu ya pedali, silinda kuu iliyofungwa kwenye pedali hiyo husukuma mafuta kupitia bomba jembamba hadi kwenye kalipa ya gurudumu, ambamo pistoni huzibana pedi kwenye disiki. Katika Cessna 172, akiba yote ya mafuta ni ile nafasi ndogo iliyo juu ya silinda kuu yenyewe, na katika Piper PA-28 ni kikopo kidogo upande wa injini. Kwa hiyo kiasi ambacho kwenye lori kisingeonekana kuwa hasara, hapa kinaweza kuiacha breki ya upande mmoja bila nguvu.

Hata hivyo, mafuta yenyewe ni rahisi kurudisha. Kinachomsumbua fundi ni hewa inayoingia mahali pake, kwa sababu hewa hubanwa na mafuta hayabanwi, na pedali inakuwa laini kiasi kwamba ndege inaweza kuvuta upande mmoja wakati wa kutua.

Kazi inayomwaga mafuta bila sababu ni ile iliyo nyepesi kuliko zote, yaani kubadilisha pedi, ambazo kwa breki za chapa ya Cleveland hubadilishwa kabla unene wake haujashuka chini ya milimita 2.54. Kazi hii haihitaji kufungua bomba lolote: bolti za bamba la nyuma hutolewa, na kalipa huteleza nje ya pini zake. Lakini kuanzia hapo hakuna tena disiki ya kuizuia pistoni, na mtu yeyote atakayekanyaga pedali, awe mwanafunzi anayepanga vitu ndani ya ndege au fundi mwenzako anayekagua waya, ataichomoa pistoni pamoja na mafuta yaliyo nyuma yake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika spana, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, legeza breki ya kuegesha, tundika kibao cha onyo kwenye pedali, na uwe na klampu ya kuishikilia pistoni mara tu kalipa inapotoka. Kibao peke yake hakitoshi katika karakana yenye watu wengi.

Pedi mpya ni nene kuliko zilizotoka, hivyo pistoni lazima irudishwe ndani, na mafuta yaliyo nyuma yake hupanda hadi kwenye akiba. Ikiwa mtu aliijaza akiba hadi juu wakati pedi zilikuwa zimekwisha, mafuta yatafurika, na katika Cessna 172 yataishia kwenye sakafu ya chumba cha rubani. Irudishe pistoni polepole na bila kuipinda, huku mwenzako akiangalia akiba, na kiwango kirekebishwe baada ya pedi mpya kufungwa.

Bomba linapolazimika kufunguliwa, fahamu kwamba silinda kuu ikiwa haijakanyagwa huacha njia wazi kati ya akiba na bomba, na mafuta yataendelea kushuka yenyewe hadi yaishe. Vifuniko safi vya bomba na vya tundu la kalipa viwe mkononi kabla ya nati kulegezwa. Kuziba kwa kitambaa ni kuingiza nyuzi na uchafu kwenye mfumo. Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mfumo, kufanyike kwa kusukuma mafuta kutoka kwenye kalipa kwenda juu, jinsi hewa inavyopenda kwenda, na bomba la mpira la kupokea ziada liwekwe kwenye akiba.

Mafuta yanayotumika kwa kawaida ni yale mekundu ya kiwango cha MIL-PRF-5606, ambayo asili yake ni madini. Mafuta ya breki za magari aina ya DOT 3 au DOT 4 huharibu oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za mfumo huu, na uvujaji huonekana baadaye, wakati aliyeyatia ameshasahau. Joto nalo hukausha oringi: ndege za Cirrus SR20 na SR22, ambazo huongozwa ardhini kwa breki, zimewahi kupata moto kwenye magurudumu baada ya breki kutumiwa kupita kiasi na mafuta kuvuja kwenye sehemu zenye joto kali.

Mwisho wa kazi, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie huku mwenzako akikagua kila kiungo kwa tochi. Nati inayovuja isikazwe zaidi ya kipimo cha kitabu cha matengenezo, maana mdomo wa bomba la ndege umetanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37 na hupasuka ukilazimishwa. Pedali ikizama polepole na tone halionekani popote, basi mafuta yanapita kwenye sili (kizibo cha mpira) ya ndani ya silinda kuu, na kuongeza mengine hakutasaidia: silinda hiyo ifunguliwe.