Muziki wa filamu: kazi yake ndani ya Milano calibro 9

Kifurushi kinapita mkono kwa mkono katikati ya jiji la Milano. Mmoja anampa mwenzake, naye anampa mwingine, watu wanapishana kama hawajuani, na karibu hakuna anayefungua mdomo. Kikifika mwisho wa safari kinafunguliwa: dola hazimo, ni karatasi tupu. Waliokibeba wanasakwa, wanapigwa, kisha wanalipuliwa kwa baruti.

Ndivyo inavyoanza Milano calibro 9, filamu ya kijambazi ya Italia iliyoongozwa na Fernando Di Leo mwaka 1972. Itazame sehemu hiyo ukiwa umezima sauti, utaona watu wanatembea tu na mizigo yao. Irudishe sauti, na tangu hatua za kwanza utajua kwamba kuna watakaokufa. Picha ni zilezile. Kilichokupa habari ni muziki.

Muziki wa filamu ni muziki uliotungwa, au uliochaguliwa, ili uende pamoja na picha na kusema yale ambayo picha haisemi. Wengi huuita saundtraki, na hapo ndipo mkanganyiko huanza, maana neno hilo limebeba vitu viwili. Kwanza ni sauti yote iliyomo kwenye filamu: maneno ya waigizaji, milio ya bastola, hatua za miguu, muziki. Pili ni ile santuri inayouzwa madukani, ambayo mara nyingi haifuatani na filamu hata kidogo.

Ndani ya filamu yenyewe kuna mpaka mwingine ambao inafaa kuujua. Upo muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia. Barbara Bouchet anamwigiza Nelly, mnenguaji wa klabu ya usiku. Anaponengua, muziki ule umo ukumbini pamoja naye na wateja wanaomtazama. Na upo muziki ambao wahusika hawausikii kabisa. Ugo Piazza, mhusika mkuu, ametoka gerezani, na kila mtu, kuanzia polisi hadi majambazi wenzake wa zamani, anaamini ndiye aliyeziiba zile dola 300,000. Anapopita mitaani hakuna okestra inayomfuata nyuma. Sisi ndio tunaoisikia, na kwa sababu hiyo tunajua kitu ambacho waliomzunguka hawakijui.

Mtunzi wa muziki huo ni Luis Bacalov, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi yake kubwa Italia. Wengi walimfahamu baadaye sana, mwaka 1996, aliposhinda Oscar kwa muziki wa filamu ya Il postino, muziki mpole kiasi kwamba ni vigumu kuamini umetoka kwa mtu yuleyule. Mwaka 1971 alikuwa amejaribu jambo geni kwa ajili ya filamu nyingine: aliiweka bendi ya roki ya New Trolls pamoja na okestra ya nyuzi, yaani fidla na jamaa zake, iliyopiga kwa mtindo wa karne ya 18. Jaribio lilifana. Di Leo alipomhitaji, Bacalov akarudia, safari hii na Osanna, vijana wa Napoli waliokuwa wakali zaidi. Elio D'Anna alipuliza filimbi na saksafoni, Danilo Rustici alikuwa kwenye gitaa la umeme, Lino Vairetti akiimba.

Santuri yao ina jina refu: Preludio, Tema, Variazioni e Canzona. Jina hilo ni darasa tosha. Preludio ni dibaji, kipande kinachofungua mlango. Canzona ni wimbo, wenye maneno ya kuimbwa. Lakini roho ya muziki wa filamu imo katika maneno mawili ya katikati.

Tema si wimbo mzima. Ni mstari mfupi wa muziki ambao sikio huushika na kuutambua ukirudi. Mpenzi wa mashairi atakumbuka kibwagizo, na hajakosea sana, ila kibwagizo hurudi kilevile kila ubeti. Tema hurudi imebadili mavazi. Mara inakuja na nyuzi peke yake, taratibu, kama mtu aliyefiwa. Mara inapokewa na gitaa na dramu, na huzuni ileile inageuka hasira. Kubadilika huko ndiko Waitaliano wanakokuita variazione. Mtazamaji hahitaji kujua neno hilo ili aguswe. Anahisi tu kwamba mambo si kama yalivyokuwa dakika 20 zilizopita.

Kwenye santuri variazioni ziko saba, na hizo ni kazi ya Osanna wenyewe. Kwa maoni yangu baadhi yake zimetangatanga mbali na tema kiasi cha kuisahau. Nguvu iko kwenye vipande viwili vya mwanzo wa santuri, Preludio na Tema, pale ambapo okestra na bendi hazijapatana kabisa na kila moja inataka kuimeza nyingine.

Kwa nini muziki ulipewa nafasi kubwa namna hiyo? Sababu moja ni ya kiufundi. Enzi hizo filamu nyingi za Italia zilipigwa picha bila kutegemea sauti ya pale pale. Maneno na milio viliingizwa baadaye studioni, huko Roma. Mtunzi hakulazimika kupenyeza muziki wake kati ya kelele halisi za barabarani. Sauti ilijengwa upya kuanzia chini, na muziki ukawa nguzo mojawapo ya jengo hilo.

Sababu nyingine ni wakati wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki iliyoko Piazza Fontana, Milano hiyohiyo, likaua watu 17. Miaka iliyofuata ya mabomu, utekaji nyara na mauaji ya kisiasa Waitaliano huiita miaka ya risasi; Kiswahili kina bahati hapa, maana neno letu moja linabeba madini na kinachotoka kwenye mtutu. Filamu za polisi na majambazi zilizozaliwa humo zilikuja kuitwa poliziottesco, kutokana na neno lao la polisi, na wahakiki walipolitumia mwanzoni walikuwa wakizidharau. Nyuzi peke yake zisingetosha kuibeba hofu ya miji ile. Gitaa la umeme lilikuwa sauti ya vijana waliokuwa wakiishi ndani yake.

Kuna pia uso wa Gastone Moschin, anayemwigiza Ugo. Rocco, mbabe wa genge, akiigizwa na Mario Adorf, hupayuka, hucheka, hutisha. Kila kilicho moyoni kiko nje, na muziki hauna mengi ya kumwongezea. Ugo hupigwa na kutukanwa, na uso haubadiliki. Aliziiba au hakuziiba? Usoni hakuna jibu. Filamu inalificha hadi karibu na mwisho, na muda wote huo ni okestra na bendi zinazobishana juu yake, nyuzi zikivuta huku, gitaa kule.