Maumivu ya misuli yanayoletwa na statini

Statini ni kundi la dawa za kushusha lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita. Atovastatini, simvastatini na rosuvastatini zote zimo humo. Huzuia ini lisitengeneze lehemu kwa wingi, na hivyo kupunguza hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Baadhi ya wanaozimeza huumwa misuli, na wengi wao huziacha kimyakimya. Hilo linanisikitisha, maana dawa iliyoachwa haimlindi mtu.

Maumivu haya yana tabia yake. Kwa kawaida hushika pande zote mbili: mapaja, makalio, vigimbi au mabega, na huanza wiki au miezi ya mwanzo, ama dozi inapopandishwa. Mkulima wa Tandahimba aliyeshinda na mashine ya kupulizia mikorosho mgongoni, akaamka bega moja linauma, aanze kwa kuitazama kazi ya jana. Lakini mama wa Newala ambaye hajashika jembe, na sasa hainuki mkekani mpaka ajishikize ukutani kwa sababu mapaja yote mawili yamelegea, aende akapimwe.

Hospitalini atapimwa damu kuona kiwango cha CK, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoumia. Figo na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, nazo zitazamwe, kwa kuwa thairoidi inayofanya kazi kwa unyonge huumiza misuli yenyewe, na hupandisha lehemu pia.

Utafiti wa SAMSON wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2020, uliwachukua watu walioacha statini kwa sababu ya madhara. Takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia walipomeza vidonge visivyo na dawa ndani. Maumivu yao yalikuwa ya kweli; chanzo tu ndicho mara nyingi hakikuwa statini. Ndiyo maana daktari anaweza kusimamisha dawa kwa wiki chache, aone kama maumivu yanaondoka, kisha airudishe kwa dozi ndogo au abadili aina. Ikishindikana, ipo ezetimibe, dawa ya kushusha lehemu isiyo statini.

Duka la dawa ndipo nina wasiwasi napo zaidi. Mtu ana kikohozi, anauziwa antibiotiki kama klarithromaisini au erithromaisini, wala haulizwi anatumia nini nyumbani. Dawa hizo hufanya simvastatini na atovastatini zijae kwenye damu, na misuli ikaumia vibaya. Taja statini yako hata kama hujaulizwa. Pombe kama uraka na gongo nazo, zikinywewa kwa wingi, huongeza hatari hiyo.

Misuli ikiuma sana au ikilegea, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, usingoje tarehe ya kliniki. Usimeze kidonge kingine cha statini, nenda siku hiyo hiyo hospitali, iwe Ligula ya Mtwara, Ndanda au Sokoine pale Lindi, kwani misuli inayovunjika kwa kasi hiyo inaweza kuziua figo.